Huyu mtoto anasoma au anaimba?

Niliombwa niongee na walimu wakuu, walimu wa madarasa ya chini na watu wa ofisi ya elimu, wilaya nzima ukumbi mmoja. Nimeandika karibu vilevile nilivoongea, salamu nimezikata maana zilikula muda kuliko nilivotegemea.

Itifaki imezingatiwa, naomba niingie moja kwa moja.

Kuna mtoto mmoja wa darasa la pili. Nilimuita mezani asome ukurasa wa hadithi, akasoma, tena akasoma vizuri mno, sauti iko juu, kwenye nukta anatua, kwenye alama ya kuuliza sauti inapanda, nikafurahi kabisa. Alafu sijui nini kilinituma, nikaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa nikamwambia hebu nisomee hili tu. Akaniangalia mimi, akaangalia kidole, alafu akarudi juu kabisa mwanzo wa ukurasa akaanza upya kwa sauti ya chini chini, haraka haraka, na kidole chake kinatembea juu ya maneno, mpaka kikakutana na cha kwangu ndo akatamka kwa nguvu. Nilikua nimegusa "kisima". Yeye akanambia "maji". Kidole chake kilikua kimechelewa neno moja.

Mnacheka kwa sababu mnamjua. Kila mtu humu ndani anae huyo mtoto. Ukurasa mzima uko kichwani, kitabu ameshika tu kama mtu alieshika daftari la nyimbo. Na hajafanya kosa lolote huyo, ana akili sana, mtoto wa miaka saba anaekariri kurasa kumi na mbili na alama zake zote za uandishi huyo ni kichwa kweli kweli. Ila hasomi.

Sasa mmenyamaza hamjauliza nani alimfundisha darasa la kwanza. Ni mimi.

Miaka yote ile nilikua mwalimu wa kwaya bila kujua. Naandika ubaoni ba be bi bo bu, naelekeza fimbo, darasa zima linaitikia, paa linatikisika, mwalimu mkuu akipita dirishani anatabasamu. Kwenye ile sauti kubwa kuna watoto kumi na tano hivi wanaojua, wengine ishirini wanawafuata kwa nusu sekunde nyuma, na waliobaki wanafungua mdomo tu. Masikio yangu yalikua yanasikia darasa, hayasikii mtoto. Mwisho wa mwaka nikaletewa fomu, watoto wangapi wanasoma, nikaandika hamsini na nane kati ya sitini. Hiyo namba sikuitoa kwenye kitu chochote. Niliitoa kwenye ile kelele, na kwenye woga kidogo, maana mwaka uliopita shule iliyoandika namba ya chini ilisomwa kwa jina mbele ya kikao na mwalimu wake akaulizwa maswali amesimama. Nani anataka hiyo.

Kwa hiyo nimekuja kuomba kitu kimoja, na yote nitakayosema baada ya hapa yanarudi hapohapo: kila mtoto kwenye madarasa ya chini ya wilaya hii asikilizwe akisoma peke yake, na mtu mzima mwenye karatasi na kalamu, mara tatu kwa mwaka, na wilaya ijipange kufuatana na kitakachosikika. Basi. Sikuja na programu mpya wala kishkwambi. Vitabu nitavigusa kidogo.

Kwanza lakini tukubaliane kusoma ni nini maana hapa ndo tunapopishana. Mwaka 1986 watafiti wawili, Gough na Tunmer, waliandika kitu kifupi sana ambacho mimi nilikuja kukijua nikiwa na miaka kumi na kitu kazini, na sijui kwa nini hakikuwepo chuoni kwetu. Walisema kusoma kwa kuelewa ni vitu viwili vinavyozidishana. Cha kwanza ni kuyabadilisha maandishi kuwa maneno, yaani jicho likiona herufi mdomo utoe neno lenyewe. Cha pili ni kuielewa lugha, yaani hata kama ningekusomea mimi ungeelewa. Na wamesema kuzidisha, hawakusema kujumlisha, na hapo ndo utamu ulipo, maana kwenye kujumlisha ukikosa kimoja kingine kinakubeba, kwenye kuzidisha kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri. Mtoto anaeongea lugha vizuri kabisa, hadithi ukimsimulia anacheka pale pa kuchekea, lakini herufi hazijui, ni sifuri. Na mtoto anaetamka kila neno bila kukosea alafu ukimuuliza hadithi ilihusu nini anakuangalia tu, nae ni sifuri, au jirani ya sifuri.

Hao ni wagonjwa wawili tofauti na sisi tunawapa dawa moja. Wote wanaitwa "hawajui kusoma", wote wanabaki jioni kwa mwalimu mmoja, wote wanarudia ba be bi bo bu. Yule wa pili ba be bi bo bu anazijua kuliko hata mwalimu! Anachokosa ni maneno, na mambo ya dunia ya kuyashikia hayo maneno.

Sasa hiki cha kwanza, cha kubadilisha maandishi kuwa maneno. Kwa lugha yetu jamani tuna bahati ambayo hatuithamini. Irabu tano, kila moja na sauti yake, a ni a asubuhi na a ni a jioni. Kuna utafiti wa Seymour na wenzake ulitoka 2003, waliwapima watoto wa nchi nyingi za Ulaya mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, wale ambao lugha zao zinaandikwa kama zinavyotamkwa, Wafini, Wagiriki, Wajerumani, karibu wote walikua wanasoma maneno bila shida, wa Kiingereza ndo walikua nyuma sana kwa sababu tahajia ya Kiingereza ni vurugu, herufi zilezile huku zinatamkwa hivi kule zinatamkwa vile. Kwa Kiswahili tuko upande wa Wafini. Ikiwa mtoto wetu anafika darasa la tatu bado anahangaika kutamka maneno basi tusiisingizie lugha.

Tunakwama wapi? Mimi nimekaa nyuma ya madarasa mengi sasa hivi na naona sehemu zilezile. Tunawafundisha majina ya herufi badala ya sauti, mtoto anaambiwa hii ni "em", hii ni "a", alafu tunashangaa anaposema "ema" badala ya "ma". Tunawafundisha silabi kwa mpangilio ule ule kila siku, ba be bi bo bu, kwa hiyo mtoto anakariri mpangilio. Mwandikie bu peke yake uone. Atahesabu kwa vidole toka ba, kama yule wangu alivohesabu maneno toka juu ya ukurasa, ni ugonjwa uleule. Dawa yake ni ya bure kabisa, zichanganye! Andika bu, ma, ki, so, le, gusa popote, badilisha kila siku, alafu ziunganishe ziwe maneno hapohapo, kima, leso, mabuki hapana, hilo sio neno, lakini hata hilo lisomwe, maana neno ambalo halipo mtoto hawezi kulikariri, ndo linakuonyesha kama anasoma kweli au anakumbuka.

Alafu kuna pale pagumu tunaporuka. Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Mb, nd, nj, mw, kw, ny, sh, dh, gh. Vitabu vingi vinakimbia hapa, wiki moja sauti nne, na watoto wengi wanaoonekana "wazito" darasa la pili ukiwasikiliza vizuri utakuta wako sawa kwenye mama na baba na kuku, wanazama kwenye mbwa na nyanya na ng'ambo. Hao hawahitaji kurudia mwaka. Wanahitaji wiki sita za hizo sauti.

Na urefu wa maneno. Hili nataka watu wa ofisi wanisikilize maana linahusu vile viwango vya maneno kwa dakika. "Nitakapomsomesha", hilo ni neno moja. Kiingereza wangeandika maneno matano, sita. Sasa ukichukua kiwango cha maneno kwa dakika kilichopangwa kwa lugha nyingine ukakileta hapa, utawaita watoto wazima wagonjwa. Kupima dakika moja ya kusoma ni kitu kizuri, mi nakitetea, lakini namba za kulinganishia ziwe za Kiswahili na ziwe za watoto wetu wenyewe mwaka huu na mwaka ujao.

Kuna jambo jingine la kubahatisha. Tumezoea kumwambia mtoto akikwama angalia picha, unadhani ni neno gani hapo? Na sisi hatuko peke yetu, kwenye nchi zinazosoma Kiingereza njia hiyo ilifundishwa mpaka vyuoni miaka na miaka, na siku hizi majimbo kadhaa ya Marekani yameikataza kabisa kwa sheria. Mtoto anaeona picha ya nyumba akasema "nyumba" wakati imeandikwa "kibanda" amebahatisha, na ukimpongeza umemfundisha kwamba herufi hazina umuhimu. Picha aangalie akishasoma.

Cha pili, kuelewa lugha, nitapita haraka ingawa kwa madarasa ya juu ndo kikubwa. Watafiti Recht na Leslie mwaka 1988 walichukua watoto 64 wa darasa la saba na la nane, wakawapa waisome habari ya mchezo wa besiboli. Baadhi walikua wasomaji wazuri, baadhi dhaifu, na kila kundi lilikua na wanaoujua mchezo na wasioujua. Wale dhaifu wanaoujua mchezo walielewa habari kuliko wasomaji wazuri wasioujua. Maana yake vipindi vya sayansi na historia na jiografia ni vipindi vya kusoma pia, na yule mwalimu mkuu anaefuta sayansi ili "watoto wakazanie kusoma" anavunja ukuta wa nyuma kuziba wa mbele. Na mwalimu asome kwa sauti mbele ya darasa kila siku, dakika kumi, kitabu kigumu kuliko wanachoweza kusoma wenyewe. Hasa kwa watoto ambao lugha ya shule sio lugha ya nyumbani kwao, hao wanaingia na upande wa pili wa kuzidisha ukiwa mdogo sana, na hawatajazwa kwa silabi, watajazwa kwa kuongeleshwa.

Ukitaka orodha kamili kuna ripoti ya jopo la kitaifa la Marekani ya mwaka 2000, ilikusanya tafiti ikatoa mambo matano: kusikia sauti ndani ya maneno, kuhusisha herufi na sauti, ufasaha, msamiati, ufahamu. Wengi mmeyaona kwenye semina. Shida yetu haijawahi kuwa kutoyajua.

Na hapo naingia kwenye wilaya.

Semina jamani. Tunakaa siku tatu, projekta, makundi, bango kitita, cheti, mnapiga picha ya pamoja. Mwalimu anarudi shuleni Jumatatu, anakuta watoto sitini, anajaribu kile kitu kipya, kinamchanganya katikati ya kipindi, hamna wa kumuuliza, Jumatano amerudi kwenye kwaya. Simlaumu. Hakuna mtu aliejifunza kuendesha baiskeli kwa kuangalia slaidi, anajifunza mtu akiwa ameshika nyuma ya kiti anakimbia nae. Pesa za ile semina ya siku tatu zingelipa nauli ya mtu mmoja kuzunguka shule kumi muhula mzima akikaa nyuma ya darasa, na nyie watu wa bajeti mnajua nasema kweli.

Nimeangalia sehemu tatu ambazo mambo yalibadilika, nazo hazifanani kwa hali wala kwa mfuko.

Kuna mji wa Sobral, jimbo la Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, sehemu maskini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwapima watoto wao wakakuta karibu nusu ya waliotakiwa kuwa wanasoma hawasomi. Mwaka 2005 kwenye kipimo cha nchi walikua nafasi ya 1,366, mwaka 2017 wakawa wa kwanza Brazil nzima. Walifanya mengi lakini mawili yalinigusa. Walimu wakuu waliacha kuteuliwa kwa siasa, wakaanza kufanyiwa mtihani na usaili. Na watoto wadogo walisikilizwa wakisoma, mmoja mmoja, na watu wa mji wasiotoka shule ile, mara mbili kwa mwaka. Wakaweka walimu wao wazuri madarasa ya chini. Hebu tuseme ukweli hapa, sisi darasa la kwanza tunampa nani? Tunampa mgeni, au anaekaribia kustaafu, au aliegombana na mwalimu mkuu. Mwalimu mzuri tunamuweka darasa la mtihani.

Kuna jimbo la Mississippi kule Marekani. Mwaka 2013 darasa la nne walikua wa 49 kitaifa kwa kusoma, mwaka huohuo wakapitisha sheria ya kusoma, 2019 wakafikia wastani wa nchi, 2024 wakawa wa 9. Watu wengi wakisikia Mississippi wanakimbilia kipande kimoja cha ile sheria, kwamba mtoto asieweza kusoma mwisho wa darasa la tatu anarudia. Mi hicho kipande ndo nakipenda kidogo kuliko vyote, kumrudisha mtoto kwenye kwaya ileile mwaka wa pili hakumsaidii kitu. Kilichonivutia ni kwamba walifundisha upya walimu wao kuhusu sauti na herufi, tena waliokua kazini tayari, na walituma makochi wa kusoma kwenye shule zilizofanya vibaya zaidi. Kochi hakutumwa shule nzuri iliyo karibu na lami. Na angalieni miaka: 2013, 2019. Kuna mtu ataniuliza matokeo muhula ujao, namjibu kabisa sasa hivi, hapana.

Alafu Kenya, mradi wa Tusome, ulianza nchi nzima 2015 baada ya kujaribiwa kwanza miaka kadhaa kwenye shule chache. Kila mtoto kitabu chake, Kiswahili na Kiingereza, mwalimu alikua na kiongozi cha kila kipindi, na maafisa wa mitaala walipewa kishkwambi. Najua nimesema sikuja na kishkwambi, ngojeni. Afisa alikua akifika anaangalia kipindi, anaongea na mwalimu kuhusu kipindi hichohicho, na kabla hajaondoka anachukua watoto watatu bila kuchagua anawasikiliza wakisoma. Kile kishkwambi kilikua kinaonyesha alifika kweli, na nauli yake ilifuata ziara alizofanya. Hiyo ya nauli ni akili sana. Hapa kwetu afisa anaeenda na asieenda wanalala sawa.

Ukizichuja hizo tatu, zote mtu alienda akakaa nyuma ya darasa akasikia watoto, akaongea na mwalimu siku hiyohiyo, akarudi tena. Vitabu vilikuwepo, ndio, na mtoto bila kitabu hawezi kusoma nyumbani, nawaombea vitabu kila nikipata nafasi. Lakini nimeona stoo zina vitabu vimefungwa kwa kamba ya kiwandani kwa sababu mwalimu mkuu anaogopa vitachakaa na ataulizwa. Nimeifungua mwenyewe kamba hiyo. Vilikua vina harufu ya wino.

Najua mnachokiwaza. Watoto sitini, mwalimu mmoja, utawasikiliza saa ngapi. Nimepiga hesabu na nimeifanya kwa mikono yangu. Mtoto mmoja anahitaji dakika moja ya kusoma na nusu ya kubadilishana kiti. Sitini ni dakika tisini. Gawa kwa siku tano, ni watoto kumi na wawili kwa siku, dakika kumi na nane, wengine wanaandika. Wiki moja, mara tatu kwa mwaka. Wiki tatu za dakika kumi na nane. Mikutano tunakaa muda gani? Na kelele zitakuwepo, siku ya kwanza zilinishinda, siku ya pili nikatoa meza nje ya mlango nikakaa pale kwenye kizingiti, jicho moja ndani.

Kwenye karatasi unaandika ulichosikia, usiandike "vizuri" au "dhaifu". Andika: silabi za kawaida anasoma, mb na nd anakwama. Au: anatamka yote, hakujibu swali hata moja. Au: anakariri. Ile karatasi ikikamilika unaona darasa lako kama hujawahi kuliona. Mimi ya kwangu ya kwanza, baada ya yule mtoto wa kisima, wale hamsini na nane wakawa ishirini na sita. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu.

Kisha unawapanga kwa wanachohitaji, saa moja kwa siku, hata kama wanatoka madarasa tofauti. Wahindi wa Pratham, shirika la elimu la kule India, wamefanya hivo miaka mingi, mtoto wa darasa la tano na wa la tatu wakikwama sehemu moja wanakaa kundi moja kwa hiyo saa, ikiisha kila mtu anarudi kwake. Wakubwa wataona aibu wiki ya kwanza. Wakianza kuelewa aibu inaisha, mtoto hana muda wa aibu kitu kikimkubali.

Yule wangu nilimuanzisha na sauti, na vikaratasi vya silabi nilivokata kwenye maboksi, nikizichanganya makusudi. Alichukia. Alikua amezoea kuwa bingwa wa kusoma mbele ya darasa, ghafla anaambiwa asome "mu" peke yake anashindwa. Kama wiki ya tisa hivi nikampa sentensi ambayo hajawahi kuiona, akaisoma polepole, mbaya kabisa, anakwama kila neno, bila mdundo, na mwalimu mwenzangu alieingia kuazima chaki akasema huyu mbona ameshuka? Nikamwambia hapana, ndo kwanza anasoma. Watu wa takwimu kuweni makini na hilo, mtoto anaetoka kwenye kukariri anaingia kwenye kusoma mwanzoni anasikika vibaya zaidi.

Sasa namuomba afisa elimu kitu, na nakiomba mbele za watu ili kishikike. Karatasi ya kwanza isisomwe kwenye kikao. Shule isitajwe. Mwalimu asisimamishwe. Ikifanyika hivo hata mara moja muhula unaofuata mtaletewa hamsini na nane kati ya sitini kutoka kila shule, na mimi nimewaambia zinavopatikana. Mkiona shule ina namba mbaya muitikie kwa kumpeleka mtu akakae na huyo mwalimu, na hao maafisa kila mmoja apewe shule chache azijue, sita, saba, akiingia darasani mwalimu asiogope wala asipange watoto wanaojua mstari wa mbele. Mimi nilikua nawapanga. Mgeni akija wale kumi na tano wanakaa mbele.

Walimu wakuu, kwenu dogo tu: kila Ijumaa kaa na watoto watano uwasikilize mwenyewe, ofisini kwako, watano wowote, usichaguliwe. Kwa muhula utakua umesikia kama sitini. Hakuna ripoti itakayokufundisha shule yako hivo. Na saa ya kusoma ya asubuhi isivunjwe na wageni, mazoezi ya gwaride wala mkutano wa dharura, dharura zetu nyingi zinaweza kusubiri mpaka saa tano.

Wazazi mtawaambia nini? Wengine hawajui kusoma na wanaona hawana msaada. Waambieni mtoto amsomee, akae tu amsikilize, alafu amuulize "enhe, ikawaje?" Hilo swali halihitaji cheti. Na amsimulie nae, kwa lugha yoyote ya nyumbani, maneno ni maneno.

Mtafiti Stanovich mwaka 1986, mwaka uleule wa wale wawili niliowataja, alieleza kinachotokea tukichelewa, akakipa jina kutoka Injili ya Mathayo, kwamba aliye nacho ataongezewa. Anaesoma mapema anasoma zaidi, anapata maneno zaidi, kusoma kunakua rahisi zaidi, anazidi kusoma. Aliechelewa anasoma kidogo, kunakua kuzito, anakwepa, anazidi kubaki. Ndo maana sumu inaonekana darasa la nne wakati tulimnywesha la kwanza. Benki ya Dunia na wenzake mwaka 2022 walikadiria kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati watoto kama 7 kati ya 10 wanafika miaka kumi hawawezi kusoma habari rahisi wakaielewa. Mi hizo namba kubwa huwa hazinisumbui usiku. Kinachonisumbua ni kile kidole kilichochelewa neno moja.

Tumekubaliana na ofisi tunaanza Jumatatu ya wiki ya pili baada ya kufungua. Tunaanza na darasa la pili, sio la kwanza, maana hao ndo tuliowapitisha bila kuwasikia. Karatasi ziko mezani pale mlangoni, kila mwalimu mkuu achukue kwa idadi ya watoto wake halisi, sio ile ya kwenye fomu. Na yule mwalimu wa nyuma kule aliekua anatikisa kichwa tangu nianze, naomba tusikie kutoka kwako kwanza.